Fundi wa Meno Aliyejichongea

Huyu bwana alikuwa na kazi ambayo watu hawaikumbuki mpaka iwafike kinywani: alitengeneza meno ya bandia. Udaktari hakuusomea. Daktari ndiye aliyeng'oa, yeye ndiye aliyerudisha. Daktari alikaa mbele, kwenye chumba chenye kiyoyozi, kiti cha kulalia na picha kubwa ya mtoto anayecheka. Fundi alikaa nyuma, ukishapita choo, kwenye chumba cha hatua nne kwa tano ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Humo mlikuwa na meza iliyoungua-ungua kwa taa ya spiriti, ndoo ya unga wa jasi, mashine ya kung'arisha iliyolia kama mbwa aliyekanyagwa mkia, na rafu tatu zilizojaa vinywa. Vinywa vya jasi, vyeupe, kila kimoja na nambari yake, vyote vimeachama kuelekea mezani kama wanakwaya waliosahau wimbo.

Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita, na ikamharibu kidogo. Majina ya watu hakuyashika, ila mataya hakuyasahau. Akikutana na mtu barabarani atamwambia mkewe, "Yule si ni lile kaakaa refu, chonge ya kushoto imepinda?" Mkewe, mshonaji wa mapazia, mwanamke wa maneno machache na makali kama mkasi wake, alikuwa amemkataza kabisa kusalimia watu kwa namna hiyo.

Sasa, kazi ya mikono ina hila yake. Inashika mikono, inashika macho, masikio inayaacha yanazurura. Kwa miaka mingi masikio ya fundi yalizurura redioni. Redio ikaingiwa na vumbi la jasi, ikakohoa wiki moja, ikakata roho. Na fundi, badala ya kununua nyingine, akagundua kwamba anaweza kumpigia simu kitindamimba wake.

Kitindamimba alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mtunga programu za kompyuta katika mji mwingine. Fundi aliwaambia watu kwamba binti yake "anachapa kompyuta," jambo lililomuuma yule msichana kuliko tusi. Saa nne asubuhi, yuko kwenye kikao na wakubwa wake, simu inatetemeka.

"Mwanangu, hii simu inaniuliza kama nakubali. Nakubali nini?"

"Baba, niko kikaoni."

"Basi nimekubali."

Alipokuja nyumbani likizo aliichukua ile simu, akabonyeza hapa na pale, akamchomeka baba yake spika za masikioni.

"Baba, hizi zinaitwa podikasti. Ni kama redio, ila wewe ndiye unayechagua kipindi, na unaweza kumkatiza mtu katikati ya sentensi naye asinune."

Hilo la mwisho ndilo lililomnasa fundi. Alikuwa kwenye ndoa kwa miaka thelathini.

Binti akamtafutia kipindi kimoja cha teknolojia, cha vijana wawili walioongea juu ya programu mpya, simu mpya na kampuni zilizofilisika kwa kishindo. "Sikiliza hiki," akasema, "utajua nafanya kazi gani, uache kunidhalilisha." Kisha akarudi kazini kwake, roho imetulia, akiamini amejinunulia amani.

Wiki ya kwanza fundi hakuambulia kitu. Wale vijana walitumia dakika tano kucheka, tatu kusimuliana walichokula, na nyingine mbili kugombania nani amechelewa. Walipofika kwenye teknolojia yenyewe, fundi alisikiliza kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani kwa lugha asiyoijua: maneno hayapati, ila anajua nani anashinda. Wiki ya pili maneno yakaanza kumnata. Wiki ya tano akawa anatikisa kichwa na kuguna, "Hapo umekosea, kijana," huku akichonga nta ya gego la mtu.

Halafu akagundua kwamba sauti inaweza kuharakishwa. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Akasikiliza kwa mara moja na nusu, akapanda hadi mara mbili, mpaka wale vijana wakasikika kama kuku wanaogombea punje. Dunia nyingine yote ikapoa. Mhubiri alikuwa mzito, mtangazaji wa televisheni mzito, na mama mkwe, aliyekuwa na desturi ya kuanza kila habari kwa kueleza nani alizaliwa na nani, hakuvumilika hata kidogo. Siku moja, yule bibi yuko katikati ya ukoo wa shemeji yake, fundi akaonekana akipapasa meza kwa kidole gumba.

"Unatafuta nini?" mkewe akamnong'oneza.

"Pa kumharakishia," akajibu, kabla hajajisikia.

Mtu aliyejaa maneno lazima amwage. Fundi akaanza kumwaga. Alimweleza kinyozi wake kwamba data ndiyo mafuta mapya. Kinyozi akasimamisha mashine, akauliza, "Ya kupikia au ya kupaka?" Fundi akacheka kwa huruma, kama mtu mwenye shahada, akaendelea kueleza mpaka kinyozi akampunguza nywele zaidi ya alizoomba ili amalize haraka. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Profesa Sikio. Mwenyewe alidhani ni heshima.

Nyumbani aliamua kuilinda familia dhidi ya wadukuzi, kwa kuwa kipindi kimoja kilikuwa kimemtisha. Akabadilisha nywila za simu zote. Ya mkewe akaiwekea herufi kubwa, tarakimu tatu na alama ya mshangao, akaiandika kwenye karatasi, karatasi akaitia kwenye mfuko wa koti, koti likaenda kwa dobi. Siku mbili wateja wa mapazia walipiga simu mpaka wakakata tamaa, na simu ikaita tu mezani, inawaka, haifunguki.

"Mdukuzi gani huyo unayemwogopa?" mkewe akauliza. "Maana nikimpata nitamwomba anifungulie simu yangu."

Lakini kilichompandisha kichwa kabisa ni habari za akili bandia. Vijana wa podikasti waliiongelea kila wiki: akili bandia imeandika barua, akili bandia imechora, akili bandia imefaulu mtihani wa sheria. Fundi akaiona kama nasaba. "Mimi nimeishi na bandia maisha yangu yote," aliwaambia watu waliokaa benchi la kusubiria, wenye mashavu yaliyovimba wasioweza kumjibu. "Mlianza na meno, sasa mmefika kwenye akili. Mtanitafuta tu."

Mtu mmoja tu ndiye aliyemsikiliza sawasawa, naye ni daktari. Daktari alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye mikono midogo na subira ndogo zaidi. Kila saa nne alikuja chumba cha nyuma kunywa chai akiwa amesimama, kwa sababu huko wagonjwa hawakumfuata. Fundi aliitumia nafasi hiyo kumpa taarifa ya habari.

"Daktari, unajua siku hizi kuna mashine zinazochapa meno?"

"Kuchapa? Kama gazeti?"

"Kama gazeti, ila tabaka juu ya tabaka, kwa kimiminika kinachogandishwa na mwanga. Unapiga picha kinywa kwa kijiti chenye kamera, kompyuta inasanifu, unabonyeza. Asubuhi mgonjwa anaingia kibogoyo, jioni anatoka anacheka."

Daktari akapuliza chai yake. "Na wewe huwa unachukua muda gani?"

"Wiki mbili," fundi akasema kwa fahari, bila kusikia alichokisema.

Wiki iliyofuata akamletea mengine. Na iliyofuata. Miezi mitatu mizima alimsifia daktari ile mashine kama mshenga anayesifia mwari: haichoki, haikosei, haikohoi vumbi, haiombi ruhusa ya kwenda msibani. Asubuhi moja akafika kazini akakuta kijana wa suti iliyombana makwapa anapima chumba cha nyuma kwa futi ya utepe.

"Samahani, mzee," yule kijana akamwambia, "hii meza yako itatolewa lini?"

Fundi alirudi nyumbani mapema siku hiyo. Mkewe alikuwa amepiga magoti juu ya kitambaa cha pazia la ukumbini, pini mdomoni. Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, kwa sababu alijua kicheko kinachokuja ni cha hatari kwa mtu mwenye pini kinywani.

"Baba watoto," akasema alipopata pumzi, "miaka ishirini na sita unawachongea watu. Leo umejichongea mwenyewe."

"Si jambo la kuchekesha."

"Ni la kuchekesha sana. Ila kaa kitako, nikuwekee chakula. Mjinga naye hula."

Fundi akazitia zile spika za masikioni kwenye kopo la vifungo la mkewe, akaapa kuachana nazo. Siku nne alifanya kazi kimya. Akasikia mambo ambayo hakuwa ameyasikia kwa miaka mitatu: bomba linalovuja, mtoto akilia huko mbele, mashine yake ikibweka. Rafu tatu za vinywa zilimwachamia, na kwa mara ya kwanza ikamjia kwamba huenda vinamcheka.

Siku ya tano simu ikaita. Ni kitindamimba, na mara hii aliyepiga ni yeye.

"Baba, unaumwa? Wiki nzima hujanipigia kunisimulia kipindi."

Akamweleza. Mashine, kijana wa suti, futi ya utepe.

"Subiri kidogo. Aliyemwambia daktari habari za hiyo mashine ni nani?"

"Ni mimi."

"Mara moja?"

"Mara kadhaa."

Upande wa pili kukasikika sauti ya mtu anayejiziba mdomo kwa mto. Fundi akangoja kwa unyonge. Ilikuwa wiki yake ya kuchekwa.

"Baba," binti akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "nikuambie kitu usimwambie mama. Mimi hizo podikasti sizisikilizi."

"Husikilizi? Si wewe uliyeniwekea?"

"Nilikuwekea ili uache kunipigia. Mimi nikizisikiliza sifanyi kazi siku nzima. Kila siku wanasema kazi yangu itakufa mwezi ujao. Lakini wewe ukanipigia zaidi, ukawa unanisimulia zote, za wiki nzima. Basi mwaka jana, kwenye usaili wa hii kazi niliyo nayo, wakaniuliza, 'Unafuatiliaje mambo mapya ya teknolojia?' Nikawaambia nina chanzo changu. Nikawamwagia yote uliyonisimulia siku ile jikoni nilipokuja likizo, habari za ile programu iliyosasishwa ikazima hospitali nzima. Wakaandika, baba. Walikuwa wanaandika."

Fundi akaketi juu ya ndoo ya jasi. "Kwa hiyo hiyo kazi niliipata mimi?"

"Nusu yake."

"Nusu ipi?"

"Baba, acha. Sikiliza. Usiziache. Ila umekuwa ukisikiliza kama mtu anayetafuta cha kusimulia. Sasa sikiliza kama mtu anayetaka kununua."

Jioni fundi akaenda kwenye kopo la vifungo. Akanunua na daftari. Akairudisha sauti kwenye mwendo wake wa kawaida, na akashangaa kukuta wale vijana wawili walikuwa watu wa kawaida, na mmoja wao ana kithembe. Akaruka vicheko, akaruka vyakula, akatafuta vipindi vya mashine za kukodi na programu za kulipia kila mwezi. Katika kimoja aliwakuta wamemwalika mama mmoja wa sauti ya mkwaruzo, aliyekuwa amepoteza kiwanda cha kuchapa vitabu kwa mkataba mbaya wa programu. Yule mama hakucheka hata mara moja. Alisema kununua programu ni kama kuolewa: kila mtu anauliza mahari, mwenye akili anauliza talaka. Siku mkiachana, nani anabaki na vyombo? Fundi akasimamisha sauti, akaandika, akapigia mstari mara mbili.

Siku ya daktari kuijaribu mashine kabla ya kuinunua ikafika. Kijana wa suti alileta mashine ndani ya sanduku lenye magurudumu. Ikawekwa juu ya meza mpya, ndogo, nyeupe, pale ilipokuwa ile iliyoungua. Akasema neno "suluhisho" mara kumi na moja, fundi alihesabu. Na mgonjwa wa majaribio akaingia, akiegemea mwavuli.

Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, bibi wa miaka sabini na sita aliyefundisha nusu ya mji na kuichapa nusu nyingine. Daktari mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake, na mpaka leo alisimama wima akimwona. Kibogoyo juu na chini. Meno aliyokuwa nayo alitengenezewa na fundi miaka miwili nyuma, na fundi alipomwona alifurahi moyoni: kinywa kile alikijua kama kiganja chake. Mashine itaaibika, na itaaibikia pazuri.

Kijana wa suti akazungusha kijiti chenye kamera kwenye fizi za bibi. Kwenye kioo cha kompyuta kinywa kikajichora, chekundu, kinazunguka. Mashine ikanguruma kidogo, ikawaka mwanga wa buluu, ikafanya kazi bila kelele, bila vumbi, bila kuomba chai. Saa kumi jioni bibi akarudishwa kitini, akavishwa meno mapya.

"Sema, 'sisi sote tusisahau sabuni,'" daktari akamwelekeza.

"Sisi sote tusisahau sabuni," bibi akasema. Hakuna filimbi, hakuna kugongana. Akapewa karanga. Akatafuna kulia. Akatafuna kushoto. Akaacha kutafuna, akatazama juu darini muda mrefu, na macho yake yakalowa kidogo, jambo ambalo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuliona.

"Fundi," akaita. "Njoo hapa mbele."

Fundi akaenda, mikono nyuma, kama mtoto wa darasa la tatu.

"Haya hayaumi. Yale yako yalikuwa yananichoma upande wa kushoto. Miaka miwili nimekula uji na ndizi. Wageni wakija nayavaa, wakiondoka nayatoa."

"Mwalimu! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuja mwezi uleule, nikasimama mlangoni kwako, nikakuambia hapa kushoto pananichoma. Ukanitazama, ukatikisa kichwa, ukacheka, ukasema, 'Hapo umesema kweli kabisa.' Ulikuwa na vile vitu masikioni."

Kijana wa suti akatabasamu. Fundi hakupata pa kuweka uso. Angekuwa na pazia moja la mkewe angejifunika. Alikumbuka, tena kwa dhahiri: mwanamke mlangoni, mwavuli, midomo inayocheza, na masikioni mwake wale vijana wawili, kwa mara mbili, wakibishana kama simu zinazokunjika zitadumu. Hata walichokubaliana mwishoni hakukikumbuka.

"Nisamehe, Mwalimu," akasema. Hakuongeza neno, na kwa Profesa Sikio hilo lilikuwa jambo jipya.

"Nitafikiria," bibi akasema, akachukua karanga nyingine.

Kijana wa suti akaona chuma ni cha moto, akaupenyeza mkataba mbele ya daktari, kurasa kumi na nne, na kalamu juu yake. Daktari akaishika kalamu. Fundi alikuwa tayari anaelekea mlangoni. Aibu ilimwambia aende, na laiti ingekuwa aibu peke yake angekwenda. Lakini mfukoni daftari lilimgonga pajani kila hatua.

"Kijana," akasema. "Samahani. Hizi picha za vinywa zinakaa wapi?"

"Kwenye wingu, mzee. Salama kabisa."

"Wingu la nani?"

"La kampuni yetu."

"Kwa hiyo mvua ikinyesha inanyesha kwenu." Bibi akaguna. Fundi akaendelea. "Na programu ya kusanifu tunailipia kila mwezi?"

"Kiasi kidogo tu, ndiyo, ni utaratibu wa kisasa…"

"Mwezi tusipolipia?"

"Mfumo unasimama kwa muda."

"Kama king'amuzi cha televisheni," mwalimu mkuu akadakia, karanga mdomoni. "Mpira unaendelea, wewe unatazama giza."

"Na tukiachana nanyi kabisa," fundi akauliza, "tununue programu nyingine, mashine hii itaikubali? Na picha za wagonjwa wetu wa miaka yote, mtaturudishia, au tutakuja kuziomba?"

Kijana wa suti akafungua ukurasa wa tisa. Akafungua wa kumi na mbili. Akasema suala hilo ni la idara nyingine. Suti ikazidi kumbana. Daktari, polepole, akaiweka kalamu mezani, akasoma ukurasa wa kumi na mbili mwenyewe, kidole kikifuata mstari kama alivyofundishwa na huyohuyo bibi aliyekaa kitini.

"Hapa mmeandika picha ni mali yenu," akasema.

"Ni lugha ya kisheria tu, Daktari."

"Mimi nami nikiandika 'ng'oa,' ni lugha ya kitabibu tu," daktari akasema. "Rudi na karatasi nyingine."

Akarudi baada ya wiki tatu, bila suti, na bosi wake. Mkataba ulikuwa na kurasa sita. Picha zitakaa kwenye kompyuta ya kliniki. Nakala yoyote itakayokwenda kwingine, daktari ataiidhinisha kwa saini yake. Na mashine itafunguliwa ikubali programu za wengine. Daktari akatia saini. Walipoondoka akaja chumba cha nyuma na kikombe chake.

"Mashine itaendeshwa na nani?" fundi akauliza, akiitazama ndoo ya jasi badala ya kumtazama daktari.

"Na wewe."

"Daktari, mimi kompyuta siijui."

"Miaka mitatu unaniongelea kompyuta kila chai!"

"Kuongea najua. Kushika sijawahi."

Basi akajifunza. Akiwa na miaka hamsini na minne akajifunza kushika kipanya, ambacho mwanzoni alikikamua kama limau. Jumamosi kitindamimba alikuja, au alimwelekeza kwa simu, na sasa yule aliyesema "niko kikaoni" alikuwa baba. Seti ya kwanza aliyoisanifu peke yake ilikuwa nzuri mno: ufizi wa waridi, magego yamepangika. Ila alikosea kipimo mahali fulani, na mashine, ambayo haiulizi mtu, ikachapa meno kamili ya juu na chini yanayomtosha paka. Daktari aliyatazama kwenye kiganja chake, akacheka mpaka akaketi, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika chumba hicho tangu akinunue.

Mazoea yake mengine aliyapunguza. Podikasti alizisikiliza akiwa peke yake, kwa mwendo wa kawaida. Mtu akisimama mlangoni, spika zinatoka kabla mtu hajafungua mdomo. Mama mkwe aliambiwa habari hii, akaja kuisherehekea kwa kumsimulia ukoo wote upya tangu mwanzo, na fundi akasikiliza mpaka mwisho, akitoka jasho.

Na yale meno ya zamani ya mwalimu mkuu aliyaomba. Bibi akampa ndani ya mfuko wa sukari. Akayakagua kwa kioo cha kukuzia asubuhi nzima, mpaka akapapata: ndani, upande wa kushoto, kivimbe kidogo kuliko punje ya ufuta. Kukiondoa kungemchukua dakika mbili. Akapazungushia duara kwa wino mwekundu, akayaweka kwenye kisanduku.

Mwezi wa tano tangu mashine ije, mafundi meno wa mji wakaitisha mkutano. Walikuwa kumi na watatu, wengi wazee kuliko yeye, wamekasirika. Mashine zimeanza kuingia kliniki nyingine mbili, na habari ilikuwa imeenea kwamba aliyeleta uchuro huo ni Profesa Sikio kwa mdomo wake. Wakamweka mbele kwenye kiti cha plastiki, kama mshtakiwa.

"Tuambie basi, Profesa," akasema mwenyekiti wao, fundi wa miaka sabini ambaye mikono yake ilikuwa imejikunja kwa kazi. "Wewe ndiye unayesikia mambo ya dunia. Tununue hizi mashine, au tufunge milango?"

Fundi akawatazama. Kila mtu kinywa chake alikijua. Wawili walikuwa wamevaa kazi ya mikono yake.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Sijui. Walionifundisha nao hawajui, ila wanaongea haraka. Ninachojua ni kwenye mkataba usome nini kabla hujatia saini, hicho nitawaambia. Na kingine nimewaletea mkione wenyewe."

Akafungua kisanduku. Akatoa seti mbili za bibi yule mwalimu, moja ya mashine, nakala ya meno yake mapya aliyoichapa kwa idhini ya daktari, moja ya mkono wake yenye duara jekundu, akaziweka mezani. Akawaeleza habari ya bibi, ya uji na ndizi, ya vitu masikioni. Hakujitetea. Kukawa na minong'ono, mmoja akasonya. Mwenyekiti akaichukua ile seti ya mkono, akapitisha kidole cha gumba ndani yake, akafika kwenye duara, akasimama hapo. Kisha akachukua ile ya mashine, akaigeuza kwenye mwanga.

"Kaakaa hili nene mno," akasema. "Baada ya mwaka atalalamika."

"Nene wapi?" fundi aliyekaa nyuma akainuka. "Lete hapa. Hilo si nene. Tatizo ni chonge, imekaa kama mlinzi wa geti."

"Wewe chonge unazijua tangu lini?"

Wakasogeza viti, wote kumi na watatu, wakaizunguka meza. Seti zikapita mkono hadi mkono, miwani ikatolewa mifukoni, mtu akaomba taa. Fundi akaulizwa kimiminika kinaganda kwa muda gani, akajibu. Akaulizwa kama kinaweza kuchongwa kwa kisu baadaye, akasema hajajaribu. Mwenyekiti akavuta kisu chake cha nta mfukoni, akakifuta kwenye suruali, akamtazama kwanza.

"Unaruhusu?"

"Chonga, kaka," fundi akasema, akamsogezea taa.